Mkono wa Kitambaa

Nantongo, usiniambie poliesta ni poliesta.
Keti hapa barazani, sogeza kiti
jua la Jinja lisikuchome magoti,
unipe mkono. Huo wa kushoto,
haujazoea kazi, unasikia zaidi.

Fumba macho. Hii?
Unasema hariri. Unasema maji.
Ni plastiki ileile ya chupa unazozikanyaga sokoni,
imeyeyushwa, ikakamuliwa kwenye vitundu
vidogo kuliko jicho la sindano,
ikatoka uzi mmoja mrefu
usio na ncha, usio na unyoya.
Mtande ukaruka juu ya mishindio minne,
ukazama chini ya mmoja, ukaruka tena,
ndiyo maana kidole hakikuti kituta,
kinateleza tu kama jibu la mdeni.
Hiyo ni satini.

Sasa hii. Umekunja uso.
Sare ya shule, muhula wa kwanza!
Plastiki ni ileile, lakini uzi ulikatwakatwa
vipande vya urefu wa kidole gumba,
vikasokotwa upya viigize pamba,
na kila ncha iliyochomoza
ni kidevu kilichonyolewa juzi.
Msuko wake mmoja juu, mmoja chini,
umebanwa hadi umekosa pumzi.
Ukiipinda inakataa,
inabaki imesimama kama mgeni
ambaye hakuambiwa karibu.

Miaka kumi na minne nilisimama kati ya mitambo,
zamu ya usiku, pamba masikioni,
tukisemezana kwa kusomana midomo.
Msimamizi wetu, Isabirye, hakusema
nguo nzuri wala nguo mbaya.
Aliisugua kati ya gumba na kidole cha shahada,
akaenda zake, nasi tukajua.
Pale ndipo nilipoona:
uzi ukisokotwa kidogo, unalala.
Ukisokotwa kupita kiasi, unajikunja kwa hasira,
na ukiulazimisha unyooke kwenye mtambo
unanyooka, unasubiri.
Siku ya kuoshwa ndipo unapolipiza,
kitambaa kizima kinajaa vikunjo
kama utando wa maziwa yaliyopoa.
Ndiyo krepu. Ishike.
Nayo inakushika.

Najua umekuja kwa satini ya waridi,
uliiona kwa shemeji yako kule Iganga.
Mimi pia niliiona. Nilikuwa mstari wa nyuma
mshipi wa gomesi yake ulipoanza kufunguka
mbele ya wakwe, wakati wa kupiga magoti,
polepole, bila haya,
naye kiwiko amekibana ubavuni
mpaka wageni wakaondoka,
matoke yake hayajaguswa.
Watu walisema hajui kufunga fundo.
Fundo alilifunga, Nantongo.
Nyuzi ndizo hazikuwa na pa kushikana.

Krepu haing'ai pichani, unasema.
Kweli. Sina la kukubishia.
Na bei, bei tutaongea.
Ngoja nichukue jiwe nisugue vidole kwanza,
ngozi yangu imepasuka kwa sabuni na chaki,
ikigusa satini inanasa,
inavuta uzi mmoja tu, na kwa kuwa ni mmoja na mrefu,
ukivutwa hapa unakunjamana mpaka pindoni.
Pamba haikuwahi kunisema hivyo.

Haya. Kuna kipande nimekificha
chini ya cherehani tangu Pasaka,
mita sita na kidogo, yatosha ukiwa mwembamba vile.
Sijamwonyesha mtu.
Gumba liweke juu, vidole vinne chini,
halafu sugua, taratibu, kama Isabirye.
Juu wageni. Chini kiuno chako.

Usifumbue macho bado.